Gango la Mzee Polikarpo

Mlabani, Ifakara
6 Januari 2024

Baba,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Huku hatujambo. Mjukuu wako Martin anaingia darasa la tatu na viatu vya mwaka jana vimeshamkataa. Nakuandikia kwa sababu juzi nilipokupigia kwa simu ya jirani yako Evod ulinijibu "mvua ipo" mara nne, na mimi nilikuwa nauliza habari ya mguu wako. Masikio yako na simu haviivani, basi tuendelee na kalamu kama ulivyotuzoesha.

Nina habari. Unajua karakana yangu ni ya magongo na viti vya wagonjwa, lakini mwaka jana nilijaribu kuliiga gango lako la kufungia mifupa. Nilichukua bomba la plastiki, nikalipasua vipande, nikavilainisha kwa moto vikawa bapa kama fito zako za mianzi. Nimevishonea kwenye turubai, na badala ya kamba zako za magome nimeweka mipira ya tyubu ya baiskeli. Mtu akivunjika mkono huko mashambani, maji yamekata barabara, mwenzake anaweza kumfunga kwa dakika tano tu.

Nimepata mwanasheria Dar, dada mmoja anaitwa Aikande, anataka tuliombee hataza. Hiyo ni haki ya aliyebuni kitu: jina lako na langu yanaandikwa, asije akatokea mtu akalitengeneza na kusema ni lake. Sharti lake ni kwamba tueleze kila kitu, hata mtu asiyetujua akisoma aweze kulitengeneza na kulitumia kama unavyolitumia wewe. Tukificha, hataza inaweza kufutwa.

Kwa hiyo niandikie yote, tangu mgonjwa anapoletwa mpaka gango linapotolewa. Hata lile unaloliona dogo, liandike. Gango ni lako, mimi ni fundi wa plastiki tu. Wakati tunasubiri nitatuma ishirini Mlimba kwa baba mdogo Eustaki ayajaribu masika haya, maana yeye ndiye mwenye wagonjwa wengi.

Mwanao,
Agnella


Idete
13 Januari 2024

Mwanangu Agnella,

Milele, amina. Marahaba. Mguu haujambo, unalalamika tu kama mwenyewe. Mwambie Martin viatu havijamkataa, ni yeye amevikataa kwa kukua.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sikuwahi kufikiri kwamba serikali ingetaka kujua Polikarpo wa Idete anafungaje mfupa. Nimefurahi, sina haja ya kujikaza mbele yako. Haya, andika.

Mgonjwa akiletwa, sianzi na palipovunjika. Namshika mkono mzima, tunaongea habari za shamba lake na viboko wanaomlia mpunga, mpaka mabega yashuke. Ndipo napapasa kwa vidole vitatu. Mfupa uliovunjika unakwaruza, unausikia vidoleni kama mchanga. Ngozi ikiwa imepasuka na mfupa unaonekana, huyo si wangu, ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Mtu mmoja anashika kiwiko, mimi navuta kiganja, polepole, mpaka mkono urudie urefu wa mwenzake. Napaka mafuta ya ufuta, nazungusha kitambaa laini mara mbili. Fito sita kwa mtu mzima, nne kwa mtoto, na kati ya ufito na ufito kidole kipite. Kamba ni tatu: ya juu, ya chini, kisha ya kati mwisho. Ukianza na ya kati mfupa unapinda, na mwenye mkono atakukumbuka vibaya maisha yake yote. Kaza mpaka fito zisicheze. Mkono uning'inizwe shingoni. Siku ya nne fungua, tazama, funga upya. Wiki ya sita toa.

Hayo ndiyo yote. Nilifundishwa na marehemu baba yangu Gaudensi, naye na baba yake, na hakuna aliyewahi kuyaandika. Kama ofisi inaruhusu jina la marehemu, liweke la baba mbele ya langu.

Baba yako,
Polikarpo


Idete
14 Januari 2024

Mdogo wangu Eustaki,

Ursula anapanda treni kesho na magunia yake ya mchele, nimempa barua hii akupe mkononi. Usimsomee mtu.

Agnella analiombea hataza gango letu. Jana nimemwandikia namna ya kulifunga, yote, isipokuwa lile moja. Najua unajua kwamba lipo. Siku baba anakata roho alikutoa nje wewe na mama, akaniita mimi mkubwa, akaniambia sikioni. Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba. Ulikaa uani ukanuna mpaka maziko, lakini hujaniuliza hata leo, na nakushukuru.

Sharti alilisema mbele yetu sote. Mganga wa mifupa humfundisha mwanafunzi kila kitu akabakiza kimoja, na hicho kimoja hakitoki mdomoni mpaka siku anayoondoka. Anayekitoa akiwa na nguvu zake hamalizi siku arobaini. Unamkumbuka baba mkubwa Likwembe. Alikitoa kwa ulevi, na tulimzika kabla mpunga haujaiva.

Nina miaka sabini na miwili, na bado nataka kumwona Martin akipokea komunio ya kwanza. Usinicheke, naogopa kufa. Agnella anasema ukificha inafutwa, na maneno hayo yananirudia kila nikikaa. Lakini najiambia kwamba wewe umefunga mifupa Mlimba miaka arobaini bila hilo moja, na watu hawajaacha kuja, ukiondoa bahati mbaya moja mbili.

Kaka yako,
Polikarpo


Mlimba
2 Februari 2024

Kaka, shikamoo.

Barua yako imenifikia ikiwa na pumba ndani, Ursula aliificha kwenye gunia. Mimi kununa? Nilikuwa na njaa tu, watu wote walikuwa wanalia na hakuna aliyekumbuka kupika.

Usijitese. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ulipewa wewe. Siku zote nimedhani ni maneno, jina la babu fulani la kuita wakati wa kufunga. Mimi mwenye zamu ya kusoma masomo kanisani nikaona heri sikupewa.

Magango ya Agnella yamefika, yote ishirini. Mazuri, mepesi, na mpira unakaza kuliko kamba zetu. Mwanangu Luciana ndiye anayeyapanga kwa ukubwa. Anayashika kwa mkono wake mmoja, anavuta mpira kwa meno, ungemwona ungeshangaa. Mwaka huu anatimiza thelathini na minne. Bado hajaolewa, na hatuongelei.

Mpaka leo nikipita mbele ya nyumba ya Bibi Matimbwi sigeuzi shingo. Binti yangu alikuwa na miaka sita, kaka. Niliufunga mkono wake kwa kufuata kila alichotufundisha baba, sikukosea hata kamba moja, na ukanyauka mikononi mwangu. Kama si yule bibi kuuroga kwa ule ugomvi wetu wa mpaka wa shamba, ni nini? Padre ananiambia nisamehe. Namjibu aanze yeye bibi kukiri. Wewe ulikuja ukautazama ule mkono ukalia kuliko mimi, na sijalisahau hilo.

Mdogo wako,
Eustaki


Mlabani, Ifakara
19 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Ofisi ya hataza imemjibu Aikande. Wanasema fito na kamba zinajulikana dunia nzima, wanauliza hapa jipya ni lipi. Ni swali la haki, na sina jibu zaidi ya plastiki.

La pili limenikosesha usingizi. Nilimwonyesha gango rafiki yangu Jenifer, ni muuguzi. Akaliangalia, akalivaa, akaniambia: "Agnella, mkono uliovunjika huvimba siku ya pili na ya tatu. Huyo aliyefungwa shambani, atajuaje kwamba sasa gango linamnyonga? Damu isipopita mkono unakufa." Lakini nimekaa kwako miaka ishirini, Baba, na sikuwahi kuona mgonjwa wako amepoteza hata kidole. Kwa hiyo wewe unajua. Unajuaje?

Kama lipo ulilosahau, niandikie. Kama lipo unaloona aibu kuliandika, niandikie pia. Mficha uchi hazai. Nimefikiria kuwaambia Mlimba wasiyatumie kwanza, lakini mvua zimeanza, watu wanateleza kila siku, na baba mdogo anasema yanapendwa.

Mwanao,
Agnella


Idete
25 Februari 2024

Mwanangu,

Sijasahau kitu. Mkono wa fundi unajua, na mkono hauandikiki. Huyo muuguzi wako alizaliwa mimi nimeshafunga mifupa mia. Waambie ofisini jipya ni plastiki, wakikataa basi, tulikula bila hataza na tutakula bila hataza.

Mto umepanda. Jaruba la mpunga la chini limekwenda na maji, la juu bado lipo.

Usiniulize tena jambo hili. Nimeirudia barua nikaiona ni kali, lakini karatasi nyingine sina.

Baba yako


Mlimba
Jumamosi, 9 Machi 2024

Kaka, shikamoo.

Naandika haraka, Ursula ameshapakia.

Alhamisi aliletwa Kristina, mama kijana wa miaka ishirini na minne, ana mtoto wa miezi mitano. Aliteleza kwenye tuta la jaruba, akavunjika mkono wa kulia. Ngozi nzima, mfupa ulinyooka vizuri, nikamfunga gango la Agnella kama tulivyofundishwa. Jana mkono ulivimba. Usiku wote alilia mpaka majirani wakaja. Leo vidole vimenenepa, anasema vinachoma, na viwili vya mwisho anasema havisikii. Mumewe anataka kumtafutia usafiri wa hospitali. Nimemwambia avumilie, baba alisema siku ya nne ndiyo ya kufungua, ukifungua mapema mfupa unahama.

Kaka, nimeshakiona hiki kilio. Kilikuwa ndani ya nyumba yangu, na nilikuwa nasema vilevile, vumilia.

Nakuuliza kwa mara ya kwanza tangu baba afe. Lile moja linahusu hapa? Kama ni jina la kuita, basi liite wewe huko uliko, mimi sina haja ya kulijua. Kama ni jambo la kufanya, mwambie Evod ampigie Luciana, hata usiku wa manane atapokea.

Eustaki


Idete
Jumanne, 12 Machi 2024

Mwanangu Agnella,

Soma polepole, na ukimaliza usije kwangu, nenda Mlimba.

Nilikudanganya. Gango nililokuandikia halijakamilika. Baba aliniachia jambo moja la kutunza, na sharti la ukoo ni kwamba anayelitoa kabla ya siku yake ya mwisho hamalizi siku arobaini. Nimeliogopa hilo miaka hamsini. Leo nalitoa.

Ni utete tu, bua la matete. Unakata utete mbichi pale mtoni, mrefu kama kidole cha kati, mnene kama penseli. Unaulaza juu ya kitambaa, chini ya kamba ya kati, kabla ya kukaza. Mkono ukivimba, utete unabanwa. Ukibanwa kupita kiasi unapasuka, na mgonjwa mwenyewe anausikia ukilia. Ukipasuka legeza kamba zote papo hapo, ngoja vidole virudie rangi na joto lake, weka utete mwingine, funga. Hivyo mchana na usiku, mpaka siku ya nne. Vidole visiporudia rangi, mkimbize hospitali. Ndiyo sababu, nikifika kuuweka utete, nilikuwa nawatoa wote nje nikinong'ona. Sikuwa nanong'ona kitu. Nilitaka wanaosikiliza mlangoni wadhani ni dawa.

Barua ya baba yako mdogo kuhusu mama mmoja aliyefungwa gango lako, anayelia vidole havisikii, ilinifikia Jumapili, natoka misa. Jioni nilikwenda kwa Evod. Simu yake ilikuwa mezani, ina chaji. Akaniuliza, mzee karibu, unataka nini? Nikamwambia nimekuja kuazima jembe. Nikarudi nyumbani na jembe, na mimi ninayo mawili. Jumatatu sikutoka ndani. Leo alfajiri ndipo nilipomwambia Evod apige Mlimba, aseme maneno mawili tu: legezeni, mpelekeni hospitali. Habari ya utete sikumpa, nakupa wewe.

Naona haya kuandika jina langu hapa chini.

Baba yako


Mlabani, Ifakara
30 Machi 2024

Baba,

Nimerudi jana. Kristina amekatwa mkono chini ya kiwiko. Daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba angeletwa Jumapili, au hata Jumatatu asubuhi, mkono ungebaki. Siku ya nne baba mdogo alifungua, akatazama, akafunga upya kama mlivyofundishwa. Nilimkuta amekaa kitandani anajaribu kumfunga mtoto mgongoni, ncha moja ya kanga ameibana kwa kidevu. Nilimsaidia. Hajui mimi ni nani, akanishukuru.

Hospitalini waliponiuliza nani alitengeneza kile kifaa, nimeandika jina langu. Lako sikuliandika. Usinishukuru, sikufanya kwa upendo, nilifanya kwa sababu mimi ndiye niliyeyatuma magango, na nikayaacha yatumike nikiwa nimeshaambiwa na Jenifer. Magango yote nimeyakusanya na kuyakatakata.

Ukitaka kucheka, cheka: Aikande anasema utete ndio hasa jipya. Anasema tangu mwanzo ofisi walikuwa wanauliza hilo, na kwamba ungeuandika Januari hataza ingekuwa njiani sasa. Nimemwambia ayafunge mafaili kwanza.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonitisha. Baba mdogo hajui habari ya utete. Yeye aliambiwa tu alegeze. Anamwambia kila mtu kwamba ni Bibi Matimbwi tena, kwamba amemaliza kwa Luciana sasa amehamia kwa wagonjwa wake. Jirani zake wanamwamini. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu vijana wamerusha mawe kwenye bati la yule bibi, na ana miaka themanini. Nilitaka kumwambia baba mdogo ukweli, nikashindwa. Nilimwona Luciana amekaa karibu naye anachambua mchele kwa mkono mmoja, na mdomo wangu ukakataa.

Hilo si langu, Baba. Ni lako. Mwandikie leo.

Agnella


Idete
22 Aprili 2024

Mdogo wangu Eustaki,

Jana zimetimia siku arobaini tangu nilipolitoa lile moja. Nilimpa Agnella kwa barua. Aliniambia nikuandikie siku ileile aliponijibu, na sikuandika. Nakueleza kwa nini, ingawa sababu yenyewe ni mbaya. Nilikuwa nangoja kufa. Nilijua nikifa Agnella ndiye atakayekueleza, na mimi sitauona uso wako. Kila asubuhi nilijipapasa kifua. Wakati mimi najipapasa, Ursula ameniletea habari kwamba nyumba ya Bibi Matimbwi imechomwa moto na mwenyewe analala parokiani.

Hakuna jina la babu. Ni kipande cha utete mbichi chini ya kamba ya kati. Mkono ukivimba kinapasuka, unalegeza. Ni hicho tu. Mtoto wa shule angeweza kukikata.

Sasa sikiliza neno hili, na kama umesimama kaa. Bibi Matimbwi hakumroga mtu. Mwaka ule uliponiita nije nimtazame Luciana, nilijua nikiwa bado mlangoni, kwa rangi ya vidole. Ulikuwa umefunga vizuri, ulifanya kila ulichofundishwa. Usichofundishwa kilikuwa kwangu. Nililia kwa sababu hiyo, wewe ukadhani ni upendo, nami nikakuacha udhani. Nilikaa kwako siku tatu, nikala chakula chako, nikakusikia ukimtaja yule bibi, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka ishirini na minane.

Alhamisi nitapanda treni. Nitakwenda kwanza parokiani kwa Bibi Matimbwi, kisha Jumapili nitasimama baada ya misa niwaambie watu haya niliyokuandikia. Wakinipiga, wasizuiwe. Kisha nitakwenda kwa Kristina. Kama hutaki niingie kwako, sitaingia.

Lakini barua hii usiisome peke yako. Mpe Luciana aisome mwenyewe. Mwambie baba yake mkubwa aliogopa kwamba akisema neno moja atakufa ndani ya siku arobaini. Mwambie amelisema, na siku arobaini zimepita, na jana amepalilia jaruba la juu mpaka mchana, akaoga, akala ugali na perege, akalala vizuri. Hata mguu umepona.

Kaka yako,
Polikarpo